Sifa za Tranka

Miongoni mwa vyombo vya nyumbani vinavyotumika sana na kushukuriwa kidogo, hakuna kinachostahili utenzi kuliko tranka. Tranka ni sanduku la bati lenye kifuniko cha bawaba, vishikio viwili vya ubavuni na pete ya kutia kufuli, ambamo mwanafunzi wa shule ya bweni huweka mali yake yote ya duniani. Na kila Januari, mwaka wa masomo unapofunguliwa nchini Tanzania, chombo hicho hutolewa uvunguni mwa kitanda, hupanguswa vumbi, na husafirishwa mamia ya kilomita hadi mahali ambako mtoto anakwenda kusoma. Ladha ya pilau ya Mwaka Mpya ikiwa bado haijatoka mdomoni, tranka tayari limekaa wazi sebuleni, likisubiri kulishwa.

Fadhila zake ndogondogo zinaweza kutajwa kwa kupita. Ni la kizalendo, kwa kuwa huundwa na mafundi wa hapahapa, Gerezani jijini Dar es Salaam kama ilivyo Kamukunji jijini Nairobi, kwa mkasi wa bati, nyundo na ribiti. Lina maisha marefu, maana tranka moja huweza kurudia Kidato cha Kwanza mara tatu, na kila mdogo anapolirithi, jina la mkubwa wake hupakwa rangi na jipya huandikwa juu yake kwa herufi nyeupe, ambazo huanza kubwa na kwa madaha upande wa kushoto, kisha hubanana na kupandiana ukingoni kwa sababu mwandishi hakupima nafasi. Aidha, ni mlinzi mwaminifu: kufuli lake humzuia kila mtu isipokuwa mwizi.

Katika usafiri, tranka ni mwalimu wa usawa. Pembe zake, ambako bati hukunjwa na kuacha ncha kali, hazimbagui mtu kwa cheo wala kwa kabila. Huchana suruali ya mhasibu na kanga ya bibi kwa moyo uleule. Mapema Januari, stendi kuu ya Mbezi jijini Dar es Salaam inapopokea watu wanaorudi mjini kutoka Kilimanjaro na Kagera na papo hapo kuwatoa wanafunzi wanaokwenda Songea na Tabora, tranka lililokosa nafasi kwenye buti huingizwa katika njia ya katikati ya basi na kugeuka kiti cha abiria wa ziada, ambaye huambiwa ainame kila askari wa barabarani anapoonekana. Bei ya kulisafirisha nayo ni somo la elimu ya juu. Mzigo huo haupimwi kwa mzani bali kwa macho ya mpiga debe, yaani mtu anayekusanya abiria kwa niaba ya basi, ambaye huutazama mzigo mara moja na uso wa mzazi mara mbili, kisha hutaja kiasi kinacholingana na uso.

Hata hivyo, fadhila kuu ya tranka, ambayo mtafiti hana budi kuikalia kitako, ni ukarimu wa tumbo lake. Fomu ya maelekezo ya kujiunga, yaani waraka ambao shule humtumia mzazi kumweleza mwanafunzi aje na nini, huagiza shuka, sare, sahani, kikombe na madaftari, na tranka hupokea vyote bila kunung'unika. Kisha huagiza ufagio wa chelewa, ufagio mgumu wa nje, fyekeo, jembe na rimu ya karatasi, na hapo ukarimu hugeuka muujiza, kwa kuwa jembe haliingii, hivyo mpini wake hufungwa juu ya kifuniko kwa kamba ya mpira na safari huendelea. Shule inayoandikisha wanafunzi wapya 100 kila mwaka hupokea, kwa hesabu hiyo, majembe 100 kila Januari, na baada ya miaka 20 ghala lake linapaswa kuwa na majembe 2,000, kiasi cha kulima tarafa nzima kabla ya masika. Anayeitembelea shule ya namna hiyo, lakini, hukuta matuta manane ya mchicha, bustani ya maua iliyozungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na mwanafunzi wa Kidato cha Pili akiadhibiwa kwa kukosa jembe. Wanaakiolojia wa karne zijazo watakaofukua eneo hilo watakuwa na haki ya kuhitimisha kwamba watu wa zama hizi waliabudu majembe, wakayatoa sadaka mwanzoni mwa kila mwaka, na kwamba miungu yao iliyapokea yote isirudishe hata moja.

Rimu nayo ina karatasi 500. Wanafunzi 100 huleta karatasi 50,000, ambazo hukabidhiwa mwalimu wa zamu aliyeketi langoni na daftari la uhakiki, naye huweka alama ya vema kabla hata ya kuuliza jina la mtoto. Ifikapo Machi, mtihani huandikwa ubaoni kwa sababu karatasi zimekwisha. Zimekwishaje? Zimeandikiwa nini, na nani? Mama anayeamka alfajiri kukaanga vitumbua ili rimu hiyo ipatikane hana mahali pa kuliuliza swali hili, kwani akiuliza ataitwa mkorofi, na atakayelipia ukorofi huo ni mwanawe. Hapa sifa zimeteleza kidogo, na inafaa zirejeshwe kwenye utulivu unaostahili kazi ya kitaaluma.

Utulivu hupatikana katika nyaraka. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada katika shule za umma hadi Kidato cha Nne, na utekelezaji wake ulianza Januari 2016. Kwa shule za sekondari, ada iliyoondolewa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na shilingi 70,000 kwa wa bweni. Ilipoonekana kwamba michango imeziba pengo lililoachwa na ada, Rais John Magufuli aliipiga marufuku Januari 2018. Hakuna mzazi mwenye busara anayelalamikia shuka la mwanawe, kwa kuwa mtoto hulala popote alipo. Ila ufagio wa kufagilia ofisi, fyekeo la kukatia nyasi za uwanja na karatasi za kuchapia mitihani si mahitaji ya mtoto, bali ni mahitaji ya shule, na shule ni ya Serikali. Mchango wa fedha ulipokatazwa, mchango wa vitu ulipanda basi, na chombo kilichokubali kuuficha ni tranka. Kila Januari, basi, wazazi hawapeleki watoto shuleni tu. Hupeleka na shule yenyewe, vipande vipande, ili pale langoni iunganishwe na kuitwa ya bure.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hakuna anayeuthibitisha usemi huo kwa bidii kuliko ofisi inayoandika fomu ya maelekezo. Kwa sababu hiyo, pendekezo moja la kitaaluma linatosha kuhitimisha sifa hizi. Kabla fomu haijagongwa muhuri, mkuu aliyeiandaa na afisa anayeiidhinisha wakabidhiwe tranka lenye kila kitu walichokiorodhesha, mpini wa jembe ukiwa umefungwa juu, walipandishe bodaboda hadi stendi, wapatane bei na mpiga debe, na mwisho wa safari walibebe kwa mikono kutoka barabara kuu hadi lango la shule, jua la saa saba likiwa utosini. Vitu watakavyokubali kuvibeba mara ya pili ndivyo viitwe mahitaji.