Mwandishi Hodari Haandiki

Namvulia kofia mwandishi wa kisasa. Alfajiri yuko TikTok, anakata mauno huku kashika riwaya yake, usiku wa manane anajibu "bei gani?" chini ya picha yenye bei kwa herufi nene. Kuandika? Hiyo kazi ya wasio na bando.

Shaaban Robert alifariki 1962 bila mfuasi hata mmoja mtandaoni, akaishia kusomwa mashuleni tu. Gurnah naye kajifungia na riwaya kumi, mauno yake hatujayaona. 2021 akaambulia Nobel. Uzembe una gharama.

Hodari wetu sasa kalazwa, presha. Msihofu: dripu imeshapigwa picha, kitabu kiko juu ya mto, jalada linaonekana vizuri. Atakayelipia leo anapelekewa bure. Wa Kibaha, nauli juu yake.