Tairodi Haijui Stima

Mjini Kitale fundi yeyote atakufungulia injini ya trekta lenye umri wa babu yake kwa spana mbili na nyundo, aifunge tena, na ile nati itakayobaki mkononi akwambie haikuwa na kazi tangu hapo. Mahindi ya nchi hii yamelimwa na matrekta yaliyotengenezwa hivyo na tumeshiba. Lakini mpelekee gari la stima lililopinda miguu, miguu tu, si moyo wala mapafu, na fundi huyo huyo atafuta mikono kwa kitambaa, arudi nyuma hatua kadhaa, kisha akuulize kwa nini hukulipeleka Nairobi.

Langu ni Nissan Leaf, lile toleo la mwanzo lenye betri ya uniti 24. Lilitoka Japani, likapitia kwa daktari mmoja wa Nairobi, likanifikia likiwa bado linanisalimu kwa Kijapani kila asubuhi. Kwenye dashibodi kuna vijiti 12 vya kuonyesha afya ya betri. Langu limebakiwa na 9, nami kwa jinsi magoti yangu yanavyolia nikipanda ngazi sina haki ya kumcheka mtu. Tatizo halikuwa betri. Mvua ya Mei ilichimba shimo upande wa Kiminini, ikalijaza maji, ikalificha. Kwa kuwa gari halina injini ya kuficha kelele, mimi na mama watoto tulilisikia shimo hilo neno kwa neno. Tangu siku hiyo, usukani ukinyooka gari linaelekea kwenye mahindi ya watu, na gari likinyooka usukani unaelekea Uganda.

Ushauri haukukosekana. Ushauri Kitale ni bure, ndiyo maana uko mwingi. Kijana wa boda boda alisema stima inaingia gurudumu moja zaidi kuliko jingine. Mzee wa kanisa akasema labda betri imelalia upande mmoja, kwa hiyo nilipaki mlimani usiku kucha irudi. Nilimshukuru, maana ni mzee wa kanisa.

Gereji ya kwanza ilikuwa ya kisasa, yenye mashine ya alaimenti inayotumia kamera na kompyuta. Binti wa mapokezi alinikaribisha vizuri hadi alipofika pale kwenye fomu panapouliza: petroli au dizeli? Nikamwambia hakuna. Akasema fomu haikubali hakuna. Akainama dirishani, akalitazama gari, akanitazama mimi, akaandika dizeli. Fomu ikaenda kwa msimamizi, msimamizi akaja na fomu mkononi kutafuta dizeli yenyewe, akafungua boneti, akaona nyaya za rangi ya chungwa. Boneti ikafungwa taratibu sana. Hawakuligusa.

Sitaki kuwa mtu wa kubeza woga. Nyaya zile zinabeba volti zinazozidi 300, na fundi asiyejua kitu akizichokoza kwa bisibisi atazikwa na bisibisi yake. Lakini mimi sikuomba nyaya zichokozwe. Niliomba magurudumu ya mbele yatazame upande mmoja.

Gereji ya pili ilikuwa ya wajasiriamali.

"Alaimenti ni 1,500," akasema mwenyewe. "Ya stima ni 5,000."

"Kwani mtapima stima?"

"Hapana mzee, tunapima magurudumu."

"Na magurudumu yangu yana stima?"

Akafikiri. "Mzee, hilo gari ni la stima."

Hapo ndipo ninapokasirika. Chini ya gari hili, mbele, kuna vyuma viwili vinavyoitwa tairodi, kimoja kila upande, vinavyounganisha usukani na magurudumu. Ukilegeza nati na kukizungusha, chuma kinarefuka au kinafupika, na gurudumu linageuza uso ndani au nje. Basi. Ndivyo ilivyo kwa Probox ya kubeba miraa, ndivyo ilivyo kwa langu. Huku nyuma ni boriti moja iliyounga magurudumu mawili, haina hata mahali pa kurekebisha, kwa hiyo fundi anapata nusu ya kazi. Tofauti ya maana ni uzito tu: gari zima ni kama kilo 1,500, na karibu 300 kati ya hizo ni betri iliyolala chini ya sakafu. Jeki iwekwe pembeni, kwenye ukingo ulioandaliwa, isiende kulitoboa tumbo. Maelezo ya sekunde kumi. Kwa sekunde hizo kumi mtu anataka 3,500 zaidi.

Mpwa wangu wa Bungoma akanipigia. "Khocha, lete huku. Kuna fundi mmoja ukishapita Kanduyi, yeye haulizi maswali mengi."

Kwenda Bungoma kutoka kwetu ni raha ambayo wenye petroli hawaijui. Kitale iko mita kama 1,900 juu ya bahari, Bungoma iko kama 1,400, na kila mteremko gari linajirudishia chaji. Ukiachia mwendo unaona uniti zinarudi, unajiona mjanja kuliko serikali. Shida ilikuwa msimu. Ulikuwa Agosti, tena Agosti ya mwaka wa shufwa, wakati ambapo Wabukusu wanawapasha vijana wao tohara, na barabara ilikuwa na vikundi vya watu wakikimbia na kuimba, kijana katikati akipiga kengele za chinyimba na kwenda kuwaalika wajomba. Kwa kelele ile, gari la stima nyuma yao halipo kabisa. Nikapiga honi. Mzee mmoja akaruka, akageuka, akanielekezea fimbo.

"Unanyemelea watoto wa watu? Huna injini?"

Ningemjibu nini? Sina.

Fundi wa Bungoma alikuwa chini ya mwembe, na mwembe ulikuwa ndio paa. Alikuwa na sakafu ya zege aliyoimwaga mwenyewe na kuipima maji mpaka ikalala sawa, kwa sababu alaimenti ya mahali penye mwinamo ni uongo. Hakusema lolote kuhusu stima. Alipima upepo wa matairi kwanza, yote manne, akaongeza mahali. Kisha akapiga magoti kwenye tairi la mbele kushoto, akapitisha kiganja juu ya meno yake kutoka nje kwenda ndani, polepole. Akarudisha. Akanishika mkono wangu akaupitisha vilevile. Ukienda ndani, meno yanakukwaruza kama tupa. Ukirudi nje ni laini. Bega la ndani lilikuwa limeliwa hadi karibu na nyuzi.

"Yamefunguka," akasema. "Kila moja linaenda kwao."

Akatoa uzi wa mwashi, akaufunga kwenye vigingi kandokando ya gari, akaanza kupima kwa futi umbali wa ukingo wa rimu mbele, kisha nyuma. Akapata milimita 9 za kufunguka. Hapo kijana anayejifunza kazi, ambaye nadhani hajaanza kunyoa, akanigeukia.

"Kuka, washa gari tulisukume kidogo."

Kuka, yaani babu! Nilimeza hilo, nikabonyeza kidude.

"Limewaka," nikasema.

"Bado."

"Limewaka, angalia taa."

"Kuka, washa gari."

Fundi akatoka chini na uso wenye vumbi la breki. "Limewaka, wewe. Usisubiri litoe moshi." Na kweli lazima liwake, kwa sababu bila hivyo halikubali kuingia nyutro na kusukumwa. Tukalisukuma, likaviringika, akapima upya. Akaufunga usukani kwenye kiti kwa mpira wa tyubu usicheze, akapulizia nati mafuta ya kulegeza kutu, akangoja, akavuta spana mpaka mshipa ukamtoka shingoni. Nati ikalia. Akazungusha tairodi ya kushoto kiasi chake, ya kulia kiasi chake, ili usukani urudi mahali pake. Akapima, akazungusha tena, akapima. Kijana akashika taa.

Watu walikuwa wamejaa. Mmoja alitaka kujua linakula tokeni ngapi kwa mwezi. Mwingine akauliza mtu akipita kwenye maji nalo atakufa peke yake au na abiria. Nilipouliza bei na fundi akasema 1,200, ukazuka mgomo.

"Unamwachia hivyo? Hilo ni la stima!"

"Tairodi haijui stima," akasema fundi, akapokea pesa zake, akanionya: barabara zetu zimeinama kushoto ili maji yashuke mtaroni, kwa hiyo nikiachia usukani gari likaenda kushoto kidogo nisimrudie kugombana.

Soketi yake ya kuchomelea vyuma ilikuwa imeanza kunichajia, 300 juu, nikijua nitahitaji chakula cha kupandia. Nusu saa haikutimia stima ikapotea Kanduyi nzima. Sasa piga hesabu: kunyanyua kilo 1,500 mita 500 juu ni uniti 2 hata kabla hujahesabu mwendo wenyewe. Nilipita Webuye nikiwa sijawasha hata redio. Gari lilikwenda wima, lazima niseme, usukani ukiwa umetulia mahali pake, lakini linakwenda wima kuelekea sifuri. Kamukuywa nikaingia kwenye hoteli ya chai.

"Mama, naomba kuchaji."

"Simu ni 20."

Nikamwonyesha. Akatoka na kitambaa cha meza mkononi, akalizunguka. "Sasa hilo ni simu ngapi?"

Mwanawe wa Kidato cha Tatu alikuwa likizo, na alikuwa na kalkuleta, na walimu wake wamemfundisha vizuri kupita kiasi. Akaniuliza ninataka uniti ngapi. Mbili. Akageuza simu yake akasoma betri. Akabonyeza. "Simu kama 130, mama. Ni 2,600."

"Mama," nikasema, "uniti mbili kwenye mita yako hazifiki shilingi 70. EPRA wenyewe, wasimamizi wa nishati, waliweka bei ya stima ya magari mwaka 2023, shilingi 16 kwa uniti, na 8 saa za matumizi madogo."

"EPRA wanachaji wapi simu?"

Tukashuka hadi 300 pamoja na ugali wa mboga nisiokuwa na njaa nao. Soketi ilikuwa moja tu yenye nguvu, ya friji, kwa hiyo kukawa na sharti: soda zikipata joto ni zangu. Niliondoka pale uniti zikinitosha, magurudumu yakitazama Kitale yote mawili, na kreti nzima ya soda moto kwenye buti.