Jinsi ya Kulipigia Hodi Paipu la Chuma

Mwenye ofisi amepaka rangi upya, ameleta viti vya magurudumu, na sasa anataka taa kumi za LED katika chumba kilichokuwa stoo. Anaonyesha kidole darini: "Fundi, paipu si lile pale? Pitisha waya tu, jioni tuwashe." Mwongozo huu ni wa fundi aliyesimama chini ya kidole hicho, ndani ya mojawapo ya yale maghorofa ya katikati ya Dar es Salaam yaliyojengwa enzi za Mwingereza, ambamo mapaipu ya chuma yamezikwa ndani ya zege.

Anza na shikamoo. Paipu lile ni mzee wa jengo, limekutangulia wewe na bosi wako, na mzee haingiliwi chumbani bila hodi. Hodi yenyewe hupigwa kwenye bodi, kabla hujagusa ngazi. Zima saketi, ifunge kwa kufuli, ufunguo utie mfukoni mwako, kisha bandika karatasi yenye jina lako. Jengo la biashara halikosi jirani ambaye feni yake imezimika ghafla, na jirani huyo anaijua njia ya kwenda kwenye bodi kuliko anavyoijua njia ya kwenda msikitini.

Sasa pima. Testa ya bisibisi iache ndani ya begi. Kitaa chake huwaka kwa umeme kidogo unaopita mwilini mwako, na ukiwa juu ya ngazi kavu ya mbao kinaweza kukosa kuwaka hali waya una moto. Tumia kipimo cha ncha mbili. Kijaribu kwanza mahali penye umeme unaoujua, pima waya wako, kisha rudi ukakijaribu tena pale pale. Kipimo kinaweza kufa katikati ya kazi bila kukuaga.

Ukifungua boksi, utakutana na rangi. Majengo haya yalifungwa kwa desturi ya zamani ya Uingereza: nyekundu, njano na buluu ni laivu za fezi tatu, nyeusi ni nyutro, kijani ni ethi. Rangi mpya, ambazo Uingereza yenyewe ilianza kuzitumia mwaka 2004, zinasema kahawia, nyeusi na kijivu ni laivu, buluu ni nyutro, na kijani chenye njano ni ethi. Angalia kilichotokea hapo. Waya mweusi uliokuwa nyutro sasa unaweza kuwa laivu, na wa buluu uliokuwa laivu sasa unaweza kuwa nyutro. Jengo likishapita mikononi mwa mafundi wa vizazi viwili, rangi zote hizo zinalala boksi moja. Usiamini rangi hata moja. Pima kila waya, kisha uzungushie utepe wa rangi sahihi kwenye ncha zote mbili. Na ukikuta laivu za fezi mbili humo humo, kumbuka kwamba kati yake kuna volti 400.

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo: umeme wa taa mpya utautoa wapi? Fundi mwenye haraka hukimbilia boksi la swichi kwa sababu liko usawa wa mkono. Katika mfumo wa paipu, mara nyingi swichini hushuka nyaya mbili tu: laivu inayoingia na ile inayorudi kwenye taa. Nyutro haipo. Ilipita juu kwa juu, ikaenda kwenye taa. Fundi anatazama, anakuna kichwa, halafu anaona boksi la jirani lenye nyutro nzuri kabisa, ya saketi nyingine. Anaiazima. Taa zinawaka, bosi anapiga makofi.

Ndugu yangu, nyutro haiazimwi. Siku moja fundi mwingine atazima saketi namba 7, atapima laivu akute imekufa, atafungua maungio ya nyutro kwa moyo mweupe. Taa zako za saketi namba 4 bado zinawaka, na umeme wake ulikuwa unarudi kwa waya ule ule alioushika. Akiutenganisha tu, ncha inayotoka kwenye taa inapanda hadi volti 230, naye yuko juu ya ngazi. Hajakosea hatua hata moja. Kosa lilifanywa kabla hajafika, na wewe.

Paipu la chuma lenyewe nalo linakataa mchezo huo. Laivu na nyutro zikipita pamoja ndani yake, sumaku zake zinafutana. Ukipitisha laivu humu na nyutro ukairudisha kwa paipu la pili, hakuna kinachofuta, na chuma huanza kupata joto. Wako pia wanaoligeuza paipu lenyewe kuwa nyutro. Hilo naliita jinai: ungio moja likiachia, paipu zima upande wa mzigo linapata moto, pamoja na kila boksi ambalo mfagizi hulipangusa kwa kitambaa kibichi. Basi panda juu, tafuta boksi la taa ambamo laivu na nyutro ni za saketi moja, thibitisha, toa umeme hapo.

Paipu liliwahi kutumika kama ethi, na kwa wakati wake lilifaa. Lakini chumvi ya bahari imekula maungio kwa miaka mingi. Vuta waya wako wa kijani na njano hadi kila taa, na pale paipu jipya linapoingia kwenye boksi la zamani kwangua rangi mpaka chuma king'ae, ndipo ukaze nati na bushi ya shaba.

Kabla ya kuvuta, pitisha kitambaa. Kikitoka na vumbi, endelea. Kikitoka kimelowa na kutu nyekundu, mzee amekataa hodi: acha lile, funga paipu jipya nje ya ukuta. Ukikuta nyaya zenye ganda la mpira, zikunje kidogo kwa vidole. Ganda likimeguka kama biskuti, usipitishe waya mpya kando yake, kwa kuwa msuguano utalimaliza lililobaki. Toa zote, vuta zote upya, mmoja akilisha huku, mwingine akivuta kule, nyaya zimenyooka bila kusokotana. Kwa taa, milimita 1.5 za mraba zinatosha, ila paipu lisijazwe kama daladala la saa kumi na mbili jioni. Nyaya zilizobanana hazipoi.

Mzigo wenyewe ni mdogo. Taa kumi za wati 40 ni wati 400, hazifiki ampea 2 kwenye volti 230. Kinachoua si mzigo.

Kabla ya kuwasha, tenganisha taa za LED, kisha pima ganda la nyaya kwa volti 500. Chini ya megaohmu 1, rudi kwenye maboksi utafute ulipobana. Pima pia ethi kutoka kwenye bodi hadi taa ya mwisho. Kazi hii ni ya mwenye leseni ya EWURA ya daraja linalohusika. Kama huna, mwite aliye nayo, na umshikie ngazi.

Bosi atauliza mbona siku mbili. Mpeleke kwenye boksi lililo wazi, mwonyeshe ganda lililomeguka na kutu ya kwenye kitambaa, halafu mtajie bei. Taa zikishawaka, andika ndani ya mlango wa bodi kwa wino usiofutika: saketi namba ngapi, taa zipi, nyutro yake ipi, tarehe, jina lako.