Farasi 40 wa Shemeji

Mimi ni mtu wa Katesh. Maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona ni Ziwa Basotu, na hata hayo niliyatazama kwa mbali, nimeshika mti. Lakini fungua simu yangu leo: picha za mashine za boti tupu, kana kwamba nina bandari nyuma ya zizi.

Chanzo ni shemeji. Dada yangu kaolewa Mafia, na mumewe anavua pale Kilindoni. Ana boti ya faiba ya mita 7, na miaka yote amevua hapo hapo karibu na nyumbani. Sasa kaamua kuwafuata jodari na nguru maji makuu. "Shemeji, nataka mashine ya farasi 40. Tusaidiane." Neno hilo nalijua. Kwenye "tusaidiane" ya shemeji huwa tupo wawili, anayetoa ni mmoja.

Halafu farasi! Sisi huku tuna punda na maksai. Nimeambiwa farasi mmoja wa injini ni nguvu ya kuinua kilo 75 mita 1 kwa sekunde 1. Punda wa jirani yangu ukimtwika gunia, sekunde hiyo anaitumia kukutazama tu. Nami kwa hesabu yangu ya mnadani, farasi wawili wanakula ng'ombe mmoja. Farasi 40, ng'ombe 20. Ninao tisa, na mmoja anachechemea.

Nikaenda kwa fundi wa matrekta, maana kwenye nchi ya ngano kila swali la injini huishia kwake. Akafuta mikono, akasema: "Trekta hili lina farasi 75 na bado linakwama. Baharini hakuna hata udongo wa kukanyaga. Mpe 60." Nikamlipia soda kwa uchungu. Mzee aliyekuja kutoka Mbulu akashauri mashine tuijaribu kwanza huku juu. Hapana, mzee. Hewa ya mlimani ni nyepesi. Kwenye mita 1,700 farasi 15 wanabaki kama 12 na nusu. Hata farasi wa chuma wakipanda Mbulu wanahema.

Usiku nikampigia mvuvi wangu. "Shemeji, boti yako inapanda juu ya maji, au inalima?"

"Ikiwa tupu inapanda. Ikiwa na nyavu, barafu na watu sita, inalima."

Basi hapo nikapata pa kushika, kulima nakujua. Boti inayolima hufungwa na urefu wake: ya mita 7 ikifika maili sita na kitu za baharini kwa saa imemaliza. Ukiongeza farasi, tezi inazama, omo inatazama mawingu, na petroli inateketea. Farasi 40 wakikimbizwa wanakunywa lita 15 na zaidi kwa saa. 15 wanaridhika na nusu ya hapo. Tena ile kubwa ina kilo sabini na kitu, zote zinaning'inia nyuma. Nikamuuliza na mguu wa mashine, inchi 15 au 20, maana ukiwa mfupi, kwenye mawimbi pangaboi linakata hewa. Akashangaa nimejulia wapi. Nimejulia kwenye hofu ya ng'ombe wangu.

Nikapendekeza 25, pamoja na tanga la akiba. Mashine ikizima huko nje wakati wa kusi, ataamkia Unguja bila nauli.

"Akiba ni wazo zuri sana, shemeji," akasema. "Basi tununue mbili. Ya 40, na ya 15 ya akiba."

Nikanyamaza. Naye akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole, sauti ile ya watu wa pwani inayokuvua shati hujajua: "Kwani wale ng'ombe wa mahari yangu hawajazaa?"

Wamezaa. Na dada yangu ameshamtajia idadi.