Andromeda Msimu wa Senene

Katikati ya Novemba, mtu wa Kemondo, bandari ya mkoani Kagera, anayetaka kuitazama galaksi ya Andromeda hana haja ya kusafiri. Bandari hiyo iko nyuzi moja na nusu hivi kusini mwa ikweta, na ikifika saa nne usiku galaksi inakuwa kaskazini, nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Umbali wake ni miaka ya nuru milioni 2.5 hivi. Kikwazo kiko karibu zaidi: taa ya jirani.

Novemba, Kagera, ni mwezi wa senene, na mtego wa senene unataka usiku uleule wa giza anaoutaka mtazama nyota. Mwalimu mmoja wa sayansi alisubiri usiku usio na mwezi, mvua ikapumzika, akatoa darubini yake uani na kuwaamuru watoto wa mtaa wazime hata tochi za simu. Wakatii. Ng'ambo ya ua, jirani akawasha balbu kali, ya kutosha kusomea gazeti barabarani. Senene wakaufuata mwanga, wakagonga mabati yaliyosimamishwa, wakateleza mpaka kwenye pipa. Waliolikosa bati walitafuta pa kutua, na mmoja akachagua lenzi ya kuchungulia, sekunde moja kabla ya jicho la Mwalimu.

Bibi jirani alisikia yowe.

“Mwalimu, umepata wangapi?”

“Shikamoo bibi. Mimi natafuta galaksi.”

“Marahaba. Nayo inakaangwa?”

Wenye darubini kubwa nao wana yao. Lord Rosse, aliyeitambua mikono iliyojipinda ya galaksi ya M51 mwaka 1845, alikuwa na kioo cha kipenyo cha mita 1.8 huko Birr, Ireland, kwenye mawingu ya kudumu, na alichokiona alikichora kwa mkono. Darubini ya SALT ya Sutherland, Afrika Kusini, iliyozinduliwa Novemba 2005, ina kioo cha mita 11 hivi, tena sheria inailinda dhidi ya taa za watu. Ila mtambo huo umeinamishwa kwa pembe moja isiyobadilika, kwa hiyo Andromeda, iliyo mbali kaskazini, hauifikii. Kemondo inaiona. Senene wakiruhusu.

Mwalimu akaomba giza la dakika kumi. Bibi akakubali kwa sharti moja: amsaidie kunyonyoa. Anayewajua senene anajua kwamba kuwakamata ni starehe, kazi ni kuwatoa mbawa na miguu mmoja mmoja. Mwalimu alikubali kabla ya kuuliza ni wangapi.

Taa ikazimwa. Watoto wakapanga foleni, kila mmoja akitarajia rangi za picha za vitabuni.

“Mwalimu, mbona ni ukungu?”

Aliwaeleza kwamba kamera hukusanya mwanga kwa saa nzima na zaidi, jicho haliwezi. Na kwamba ukitazama pembeni kidogo ya kitu hafifu, unakiona vizuri zaidi. Maelezo yakala dakika nne. Mikono ya galaksi hakuna aliyeiona, lakini msichana mmoja aliapa kwamba ukungu ule una kiini kinachong'aa, na alikuwa sahihi.

Balbu ikawaka tena. Bibi akaleta debe, limejaa pomoni, na kigoda kimoja.