Muulize Shangazi: Kabla Hujapanda Mlima

Shikamoo Shangazi. Ofisi yetu inapanda Kilimanjaro ili tufike kileleni Sikukuu ya Uhuru, 9 Desemba. Bosi ametangaza kwenye kundi la WhatsApp kwamba hakuna kurudi nyuma. Mimi lifti ikiharibika tu, nikifika ghorofa ya sita kichwa kinagonga. Nifanyeje? — Mtu wa Masijala, Dodoma

Marahaba mwanangu. Bosi wako kasoma historia, tumpe haki yake. Usiku wa Uhuru, mwaka 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha Mwenge na bendera kule juu. Ila Nyirenda alikuwa mwanajeshi, nawe unashinda na mafaili.

Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa huko ni karibu nusu ya ule wa Dar es Salaam. Mwili huzoea, lakini hutaka siku, wala hausomi matangazo ya WhatsApp. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaja, chakula kikakushinda, hupandi tena mpaka vipoe. Kuna mabaya zaidi. Mwenzenu akianza kuyumba kama katoka kilabuni, mwambieni atembee mstari mmoja, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa, huenda ubongo umeanza kuvimba. Akihema hali amekaa, au akikohoa mate yenye povu, mapafu yanaingia maji. Tiba kuu ya yote mawili ni kushuka, papo hapo, hata kama ni saa nane usiku na hata kama anayeyumba ndiye bosi. Mtungi wa oksijeni na dawa vitamsaidia njiani, lakini lazima ashuke.

Kwa hiyo kazi yako ianze leo, hapohapo ofisini. Itisheni kikao mkubaliane kwamba mwenye neno la mwisho mlimani ni kiongozi wa msafara, si mkurugenzi, na liingie kwenye muhtasari. Watu wa ofisi huheshimu muhtasari kuliko daktari. Kisha ulizia ratiba. Wanaopita njia ya Marangu wakiambiwa siku tano, waombe ya sita, walale kambini Horombo usiku mmoja zaidi, mita 3,720, damu izoee. Mhasibu atasema bajeti haitoshi. Mwombe naye apande.

Shangazi, mimi mtu wa jimu, mwili chuma. Kuna fomu wanataka nijaze habari za afya. Nameza dawa za presha, lakini nikiandika si watanidharau? — Kifua, Tabata

Kifua, hongera kwa kifua. Mazoezi yatakusaidia magoti, lakini ugonjwa wa mwinuko hauangalii misuli. Tena ninyi wenye nguvu ndio mnaopanda mbio mkiwaacha wenzenu, halafu jioni mnatapika nyuma ya hema. Viongozi hawasemi “pole pole” ili kuwafurahisha wageni.

Fomu ijaze kweli tupu. Mtu akizimia gizani pale kambi ya Barafu, kiongozi anahitaji kujua amemeza nini, na aliyezimia hajibu maswali. Kabla ya hapo nenda kwa daktari wako, umwambie utafika mita ngapi. Kuna vidonge vya asetazolamidi vinavyousaidia mwili kuzoea, lakini haviendi na kila mtu. Wenye mzio wa dawa za salfa waseme mapema, na wewe wa presha ndiyo kabisa usigawiwe na rafiki.

Jambo moja zaidi. Dawa zako zisikae kwenye begi kubwa. Lile hubebwa na wagumu, yaani wapagazi, na wagumu wanakwenda! Utakapozitafuta saa sita mchana, zitakuwa zimeshafika kambini zinakusubiri. Dawa, koti la mvua, tochi ya kichwani na maji, vyote mgongoni kwako.

Shangazi mwenzangu, mwanangu anapanda kwa njia ya Machame. Ananiambia, “Mama, huko mtandao wa shida, usinipigie.” Nitalalaje? — Mama Wawili, Tanga

Dada yangu, usimpigie, lakini usimwache atoke mlangoni kabla hajakuandikia karatasi: jina la kampuni na namba ya ofisi yao, njia, tarehe ya kuingia na ya kutoka, kundi lake la damu, mzio alionao, namba ya bima. Aandike na lango, maana wa Machame kwa kawaida hushukia Mweka, usije ukamsubiri upande usio wake. Mkubaliane na saa. Akipitiliza saa hiyo siku ya kutoka, unapigia kampuni kwanza, si mashoga wa kikoba.

Hiyo bima muisome wote wawili, na miwani. Zipo zinazokoma mita kadhaa chini ya kilele, yaani mtoto ana bima mpaka pale anapoanza kuihitaji. Ulizeni kama inafika mita 5,895 na kama inalipia helikopta. Hata ikilipia, helikopta haipai katika kila hali ya hewa, na wengi huteremshwa kwa machela mabegani mwa watu.

Simu yake ikizimika usianze kulia. Baridi humaliza chaji. Mwambie usiku alale nayo ndani ya mfuko wa kulalia.

Je, kakonyagi kadogo ka kuondoa baridi? — Mzoefu, Moshi

Hapana. Pombe huleta joto kwenye ngozi, na upepo unalichukua hapohapo. Tena dalili za pombe na dalili za mlima zinafanana, tutajuaje lipi limekupata? Wewe ni wa Moshi, mlima unaonekana dirishani kwako, haya ulipaswa kunifundisha mimi.

Shangazi, nataka kumvisha mchumba wangu pete kileleni. Nijiandae na dharura gani? — Mpenzi, Mwanza

Pete ibaki mfukoni. Juu huko vidole huvimba, na pete iliyoingia Jumatano inaweza kukatwa kwa koleo Alhamisi. Piga magoti picha ipigwe, haraka, hapakaliwi. Akikubali, furahi kwa kiasi, maana huyo kajibu kwa nusu ya hewa. Mkishashuka, akioga na kula, muulize tena.