Chaki Haina Kesi

Mchezaji wa pool akikosa, hatazami meza. Hutazama ncha ya fimbo. Huigeuza, huisogeza kwenye mwanga wa taa, huigusa kwa kidole gumba, kisha hutikisa kichwa kwa masikitiko ili walioketi pembeni waelewe kwamba shabaha ilikuwepo, ila vifaa vimemwangusha. Baada ya hapo huulizia chaki. Chaki ndiyo hubebeshwa lawama zote, maana haina mdomo wa kujitetea.

Seremala mmoja wa Mwananyamala, Dar es Salaam, alikuwa bingwa wa lawama hizo. Kila alipojaribu kuupiga mpira mweupe pembeni au chini kidogo ili uzunguke, fimbo ilimteleza, na ule mlio mkavu ulisikika hadi kwa kijana wa chipsi. Chaki ina unyevu, alisema. Chaki ni ya bei rahisi. Chaki imepitwa na wakati. Jioni moja yeye na mpinzani wake walikuwa wamewekeana bia mbili, mpira mweusi umekaa mdomoni mwa shimo ukisubiri kusukumwa tu. Fimbo ikateleza, mpira mweupe ukaruka ukingo wa meza na kutua katikati ya sahani ya mishikaki ya watu wasiohusika.

"Kaka," mmoja wao aliuliza, akiuchambua mpira kutoka kwenye kachumbari, "na hili nalo tunalipia?"

Siku iliyofuata seremala alikuja na chaki yake mwenyewe, aliyoichomoa kwenye begi la shule la binti yake. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Chaki ya ubaoni kwa kawaida ni jasi, unga laini ulioumbwa ili uache alama na ufutike. Kile kijiwe cha buluu cha mezani kinaitwa chaki kwa heshima tu. Mwaka 1897 huko Marekani, mchezaji wa biliadi William Spinks na mkemia William Hoskins wa Chicago walipata hataza ya mchanganyiko wa silika na madini makali ya alumini, jamaa wa yale yanayotiwa kwenye msasa. Spinks alikuwa amepata kipande cha chaki kutoka Ufaransa kilichomfurahisha, Hoskins akakichunguza na kukuta ni jiwe la volkano. Kazi ya kijiwe hicho ni kukwaruza. Punje zake hung'ang'ania ngozi ya ncha upande mmoja na mpira upande wa pili, katika muda wa kukutana ambao ni kama sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Seremala, mtu anayeshika msasa kutwa nzima, alikuwa amejipaka jasi kwenye ncha na kushangaa mbona anateleza zaidi.

Tusimcheke sana. Biashara ya kuuziana unga wa miujiza ni ya zamani. Katika miaka ya 1820 mjini Bath, Uingereza, John Carr, aliyekuwa akiwahesabia wachezaji alama kwenye chumba cha biliadi, aliwaonyesha waungwana mpira unaokata kona baada ya kugonga ukingo, kisha akawauzia unga wake wa siri wa kuupa mpira mzunguko huo, nusu krauni kwa kikopo kidogo. Ulikuwa chaki ya kawaida iliyosagwa. Waganga wetu wanaobandika matangazo kwenye nguzo za umeme wangemtambua mwenzao mara moja.

Lakini unga wowote, wa kweli au wa uongo, unahitaji pa kushika. Na hilo ndilo seremala hakuwahi kulitazama. Ncha aliyokuwa akiihurumia kila jioni ilikuwa ngumu, bapa na iking'aa. Ngozi ya ncha hugongwa mpaka nyuzi zake zikalala na kushindiliwa, uso ukawa laini kabisa. Ukiipaka chaki, pigo moja tu na yote imebaki kwenye nguo ya meza. Halafu kulikuwa na ile namna yake ya kupaka: alikiweka kijiwe juu ya ncha na kuizungusha fimbo kwa viganja, mpaka kijiwe kikawa na shimo la kina katikati. Baa nyingi zina vijiwe vya namna hiyo. Kuta za shimo huchafua pete ya shaba iliyo chini ya ngozi, na ukingo wa ncha, ambao ndio hasa hugusa mpira unapotafuta mzunguko, huponyoka bila kupakwa. Chaki hupakwa kwa kupitishwa juu juu, upande kwa upande, huku mtu akitazama kama kuna sehemu iliyobaki. Inachosha, na haina mbwembwe.

Ngozi yenyewe ina historia ya gerezani. Kapteni Mfaransa François Mingaud, aliyefungwa kwa sababu za kisiasa, ndiye anayesifiwa kwa kuikamilisha ncha ya ngozi, na alitoka kifungoni mwaka 1807. Inasimuliwa kwamba alinogewa na meza ya mle ndani kiasi cha kuomba aongezewe muda. Kama si kweli, aliyeitunga hadithi hiyo aliwajua wacheza biliadi. Kabla ya ngozi, fimbo ilikuwa mti mtupu, na aliyetaka kushika mpira vizuri aliisugua ncha kwenye plasta ya ukuta. Mtindo huo haujafa: ukiona baa ukuta wake una vidoti vya mviringo usawa wa bega, chaki ya pale iliwahi kupotea.

Seremala akashauriwa abadilishe ncha. Na hapo mtu huingia katika soko la imani. Wajapani wana Kamui na Moori, ngozi ya nguruwe iliyogandishwa tabaka kwa tabaka, ambazo bei yake ingenunua mbao za stuli kadhaa. Wamarekani wana Elk Master, ya buluu, laini na rahisi. Ncha laini hushika chaki vizuri lakini hutanuka haraka na kumwagikia nje ya pete kama uyoga, ikataka kukatwa na kuchongwa kila mara. Ngumu hudumu na umbo lake, lakini hung'aa upesi na hutaka chaki kila pigo bila kusamehe. Zile za plastiki ngumu, zinazopendwa kwenye fimbo za kupasulia mipira mwanzo wa mchezo, hazishiki karibu chochote. Mhandisi wa Colorado, David Alciatore, ambaye ametumia miaka kupima mambo haya kwa kamera za mwendo wa kasi, anasema ulaini hauongezi mzunguko. Maadamu ncha haikuteleza, mpira hauna habari umepigwa na ngozi ya bei gani. Anaonyesha pia mpaka upo wapi: ukigonga zaidi ya nusu ya njia kutoka katikati kwenda ukingoni, utateleza tu. Kwa mpira wa milimita 57 hiyo ni kama milimita 14. Seremala alikuwa akiutafuta mpira nje kabisa ya mpaka huo, kwa ujasiri.

Akanunua ile ya buluu, saizi ya milimita 9. Kuing'oa ya zamani kwa wembe na kusawazisha pete kwa msasa ilikuwa kazi ya dakika chache, kazi yake hasa. Supagluu ndiyo ilimponza. Alitia tone, akaona halitoshi, akaongeza, kisha akakandamiza kwa kidole gumba ili ikae sawa. Ikakaa. Kidole nacho kikakaa. Jirani aliyepita alimkuta amekaa mlangoni mwa karakana na fimbo imesimama juu ya kidole, akisubiri maji ya moto.

"Pole fundi," alisema. "Unapima nini?"

Ncha hiyo iliharibika kwenye uokoaji. Wakati wa kununua ya pili, kijana wa duka akamwambia siri ya wajuzi: ncha laini ikilowekwa kwenye maziwa usiku kucha, ikakaushwa, halafu ikabanwa kwa nguvu, huwa imara bila kuacha kushika chaki. Inasikika kama uchawi, lakini wachezaji wa Marekani hufanya hivyo kweli kweli na hizo hizo Elk Master, na huuziana zikiwa tayari. Seremala ana jiliwa, tena kubwa. Kilichopungua ni maziwa, na maziwa yalikuwa kwenye kikombe cha mtoto, ndani ya friji.

Asubuhi mkewe aliyamimina kwenye sufuria ya chai. Chujio likashika kitu.

"Baba watoto, hiki nini?"

"Ngozi."

"Ya nani?"

Maelezo yalichukua muda, na mtoto alikunywa uji siku hiyo. Lakini ngozi ilikuwa imeloa vya kutosha. Ilikauka juu ya bati, ikakaa kwenye jiliwa siku nzima, ikabandikwa kwa tone moja tu la gundi huku kidole kikiwa mbali, ikachongwa mviringo na kukwaruzwa kidogo kwa msasa. Alipoipitishia chaki mara mbili tatu, buluu ilitanda uso mzima, na baada ya pigo ilikuwa bado ipo.

Jumamosi akarudi mezani. Mpira mweusi ukabaki peke yake, umbali wa mkono kutoka kwenye shimo la kona. Angeweza kuusukuma taratibu, lakini mtu mwenye ncha mpya hasukumi. Akashuka chini ya katikati, ndani ya mpaka safari hii, akapiga. Ncha haikuteleza hata chembe. Mpira mweusi ukazama. Mpira mweupe ukasimama, ukatetemeka pale pale, ukaanza kurudi kwa kasi ambayo hakuwahi kuiona maishani mwake, ukapita katikati ya meza, ukampita yeye mwenyewe, ukazama kwenye shimo la kona ya nyuma. Kwa kanuni, amefungwa.

Mpinzani akaweka fimbo chini, akainama kuitazama ile ncha ya buluu kwa karibu.

"Kaka, hii umeitoa wapi?" akauliza. "Na bia yangu iwe ya baridi."